Kopo la Kusafisha Mishipa

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu. Ni asubuhi ambayo mama wa kutuletea maziwa alimgombeza ndugu yangu Kamau langoni kwake hapa Kitengela, na Kamau akacheka.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Kamau alikuwa amejenga nyumba za kupangisha, na tangu zijae wapangaji hakushika jembe tena. Kazi yake ikawa kukaa na kula nyama. Kifua kilipoanza kumbana akipanda ngazi, tulimpeleka hospitali ya Kajiado. Daktari alimwambia wazi kwamba mafuta yameganda kwenye mishipa ya moyo, njia ya damu imekuwa nyembamba. Akampa tembe za kumeza kila siku, akamwambia apunguze mafuta, atembee. Kamau alizimeza kidogo akachoka. Dawa ya kila siku, alisema, ni ya mgonjwa. Sijui yeye alijiona nani.

Ndipo akatokea mama mmoja wa kanisani na kopo la kuuza. Ndani mlikuwa na vidonge vya mafuta ya samaki, kitunguu saumu, na magome ya ule mti Wamaasai hutia kwa supu. Alisema vinasugua mishipa mpaka inang'aa kama sufuria mpya. Tembe za hospitali zikapanda juu ya kabati, zikashika vumbi.

Mama Naserian, huyo wa maziwa, alikuwa Mmaasai wa rika la mama yetu.

"Takwenya, yeyo!" Kamau alimsalimia kwa Kimaasai, akimwita mama, huku akimwonyesha kopo. "Ona, mti yenu imeingia kwa kopo. Sasa hata nikimaliza mbuzi mzima, mafuta hainishiki."

"Iko," aliitikia salamu kwa Kimaasai, akamtazama tumbo. "Mti umenunua. Na miguu, umenunua wapi?"

"Miguu gani?"

"Mzee wangu anakunywa hiyo supu, halafu anafuata ng'ombe mpaka jioni. Wewe unafuata nini, kiti? Na hiyo mti tunaweka ndio nyama ikubali kwa tumbo. Nani alikwambia inafungua moyo? Rudi kwa daktari, wewe."

"Yeyo, uza maziwa. Udaktari achia wengine."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama Naserian alipima maziwa, akaenda zake bila kuaga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mimi nami nilipomsihi, alisema anajisikia kijana. Na kweli alichangamka. Hapo ndipo pana mtego, mwanangu: mshipa unaoziba haupigi kelele kila siku.

Muda si muda tukaenda Mashuuru kwenye sherehe ya mahari, kwa rafiki yake. Kamau alipewa mbavu. Alikula, kisha akashika kifua, jasho likamtoka usoni. Nikasema twende hospitali. "Ni gesi tu, dada, usiniaibishe mbele ya watu." Akaomba soda, akatoa vidonge vyake mfukoni, akameza viwili, akangoja. Tulingoja naye. Alipokubali kuingia kwa gari, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Hatukufika Kajiado naye akiwa hai. Nilipomfungua kiganja, vidonge vingine vilikuwa bado humo, vimelowa jasho.

Sasa sikiliza. Kitunguu saumu sikukatazi. Ni chakula, tia kwa mboga. Hata hivyo vidonge vya kopo, ukitaka kuvimeza, beba kopo lenyewe mpaka kwa daktari alione, maana vingine hugombana na dawa zake. Lakini usiache tembe ulizopewa kwa ajili ya maneno matamu ya mtu anayeuza. Zikikusumbua, rudi useme. Tembea, hata kama watu watauliza gari limeenda wapi. Na siku kifua kikibana, usione haya mbele ya wageni, usiite gesi, kimbia hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kamau alikuwa kitindamimba wetu, na ni mimi niliyemchagulia suti ya kuzikwa. Mungu akupe siku nyingi, mwanangu. Akupe wewe kunizika mimi, asinipe mimi kukuzika wewe.