Kitambaa Cheusi na Laptopu Yangu ya Zamani

Mwaka 1986, vita vilipokwisha, nilikuwa na miaka kumi na sita, na taabu yangu ikaanzia hapo. Baba alikuwa mpishi kambini, na jeshi alilolipikia lilikuwa limeshindwa. Hakurudi. Nikabaki na vitu viwili: darasa la nne na Kiswahili cha kambini, maana kwetu hiyo ilikuwa lugha ya askari. Darasa la nne halikunifaa kitu. Kiswahili kilinipa kazi kwa mpiga picha mmoja mzee, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa akitukana wafanyakazi kwa Kiswahili tu, na mimi peke yangu ndiye niliyemwelewa.

Miaka saba nilimchotea maji ya kuoshea picha katika chumba chake cha giza. Alinifundisha jambo moja: picha ni uso, mengine yote ni mapambo. Alipokufa aliniachia kitambaa kizito cheusi, kile alichokuwa akijifunika kichwani akipiga picha kwa kamera ya sanduku.

Sasa sikiliza kazi yangu mwenyewe ya kupiga picha. Msimu wangu mkubwa ni mahafali ya chuo kikuu cha Kyambogo. Unampiga mhitimu picha na wazazi wake, unakimbilia meza yako kando ya barabara, unaitengeneza picha kwenye laptopu, unaichapa, unawatafuta kabla hawajapanda gari kwenda kwenye sherehe. Majina hatuulizi, tunashika rangi ya gomesi, lile gauni refu la sherehe, aliyovaa mama. Wakiondoka, umekwisha. Hakuna anayerudi Kyambogo kufuata picha.

Vijana huchapa moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Uso mweusi, kofia nyeusi, jua la saa sita: mtoto wa watu kasoma miaka mitatu, anatoka kama sehemu ya chini ya sufuria. Mimi sifanyi hivyo. Lazima niuangaze uso kwanza. Lakini laptopu yangu ilikuwa imezeeka. Mwaka mmoja ilikawia kufungua picha mpaka ungeweza kumenya ndizi za matoke za familia nzima. Nikachapa picha ya mama mwenye gomesi ya njano, nikakimbia nayo, nikaona mgongo wa gari lao. Jioni nilirudi nyumbani na picha nyingi kuliko nilizouza. Mmoja wa wenzangu akanipa jina.

"Mzee wa Kesho! Za leo zipo?"

"Kamuulize mamako," nikasema. Lakini iliniuma. Nilijua nikishindwa mara ya pili, meza yangu pale barabarani itakaliwa na mtu mwingine.

Mke wangu akasema, "Nunua mpya au kaa nyumbani." Mimi situpi kitu ambacho bado kinapumua. Nikaipeleka Kabalagala kwa fundi mmoja, mama wa Kikongo mwenye kibanda nyuma ya baa. Nikamwambia nataka diski mpya, basi. Mambo ya diski nilikuwa nimeyasikia, nikajiona nimeshajua yote.

Akafungua skrubu, akachungulia, kisha akavuta kitu kwenye feni kwa kibano. Nyuzi nyeusi, zimesokotana kama nywele za sakafuni kwa kinyozi.

"Papa, hii mashini unaivalisha buibui?" akauliza; kwao Papa ni baba.

Nilishindwa pa kutazama. Ilikuwa kweli. Juani huoni rangi kwenye kioo, kwa hiyo nilikuwa najifunika mimi na laptopu kwa kitambaa cha mzee wangu. Miaka yote nikidhani naitunza.

"Kile ni kitambaa cha kazi," nikasema. "Kina heshima yake."

"Heshima yake inaua feni. Mashini ikiona joto inapunguza mwendo, isiungue. Wewe nikufunike blanketi mchana, nikwambie kimbia, utakimbia?"

"Ujanani ningekimbia."

"Basi na yenyewe si kijana."

Akaipiga feni brashi. Akatia diski mpya, nyembamba kama biskuti, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Akaongeza memori katika nafasi iliyokuwa tupu tangu ninunue mashine. Picha zangu za miaka mingi akazihamishia kwenye diski ya pembeni.

"Hizi za watu wa zamani tufute?"

"Mtu hafutwi."

Akanitazama, akaziacha. Aliponikabidhi mashine alisema, "Kitambaa kikirudi juu ya mashini, Papa, wewe usirudi hapa."

Nikaenda kwa seremala, akanitengenezea sanduku la mbao lililo wazi mbele na nyuma. Ndani nikalipaka rangi nyeusi. Laptopu inakaa humo, kioo kinaonekana, upepo unapita. Ukilitazama kwa mbali ni kama kamera ya mzee wangu.

Siku ya mahafali yaliyofuata, wa kwanza alikuwa mama mwenye gomesi ya kijani na binti yake mhitimu. Picha ikafunguka kabla sijakaa sawasawa. Nikauangaza uso chini ya kofia, nikachapa, nikaenda bila kukimbia. Mume wake alikuwa bado anagombana na dereva juu ya nani akae mbele.

"Eh, ssebo, bwana wee! Hata mimi nimependeza!" mama akasema.

"Ulipendeza tangu asubuhi. Mashine ndiyo imekubali leo."

Yule aliyenipa jina alikuwa amesimama anatazama. "Mzee wa Kesho, leo vipi?"

"Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Mchana huohuo alikuja kuniuliza seremala wangu yuko wapi. Nikamwelekeza. Meza yangu iko palepale mpaka sasa.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Ggaba, mabati hayavuji. Mke yuleyule. Kamera mbili, printa moja, jenereta ndogo. Laptopu ileile. Sanduku la mbao. Kitambaa cheusi, kimefuliwa, nakitandika mezani chini ya sanduku. Na bahasha moja yenye picha ya mama wa gomesi ya njano. Siku akija, ni yake.