Mbwa Ana Jina, Bibi Hana

Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima unajua. Lakini siku ile kwenye ukumbi wa manispaa nilikuwa na haki, na atakayesema nilivuka mpaka aje tusemezane hapa hapa kwenye cherehani yangu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alifanya kazi posta miaka thelathini na moja, chumba cha nyuma, akipanga barua. Wenzake walimwita Bi Stempu. Hakuolewa wala hakuzaa. Alinilea mimi, na akakusanya postikadi. Si postikadi zozote, bali picha za zamani za mji wetu huu wa pwani, zilizopigwa wakati gati bado ni la mbao na ngome bado ina paa. Nyingine alizipata kwa wauza vitu chakavu, nyingine ndani ya vitabu vilivyotupwa, nyingine aliandikiana barua na watu wa mbali mpaka wakazirudisha zilikotoka. Zilikaa kwenye maboksi manne ya viatu chini ya kitanda chake, na kila Jumamosi mimi ndiye niliyezipangusa vumbi.

"Shangazi," nilikuwa namtania, "wenzio wanakusanya wajukuu."

"Wajukuu hawakai kwenye boksi. Pangusa."

Kumbe kazi yake hasa haikuwa picha. Akipata kadi yenye watu, anaitia mkobani na kutoka. Anapiga hodi kwa kinyozi mstaafu, kwa mjane wa mlinzi wa mnara wa taa, mpaka wodini kwa wagonjwa. "Huyu mwenye kikapu ni nani?" Akiambiwa na mtu mmoja, haandiki. Mpaka wawili waseme jina lile lile bila kusikizana, ndipo anageuza kadi na kuandika mgongoni kwa penseli, herufi ndogo ndogo za posta: jina, jina la baba, kazi, mtaa. Kadi moja ilimchukua miaka sita. Na wale waliomtajia majina, karibu wote wameshatangulia.

Mwaka jana akaanza kusahau. Funguo tulizikuta ndani ya unga. Siku nyingine aliniita kwa jina la mama yangu, akashtuka mwenyewe, akakaa kitandani. "Kichwa changu kinavuja, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana niliandika."

Basi akaja bwana mmoja wa manispaa, ofisa utamaduni, shati limenyooka utadhani rula. Wanaandaa maonyesho ya historia ya mji, wamesikia habari za Bi Stempu, wanaomba kuazima. Shangazi alichagua kadi arobaini, zote zenye watu. Akampa na bahasha ya vipembe vya karatasi alivyovikata kwa mkono wake, vinne kwa kila kadi.

"Usizigandishe," alimwambia. "Uzishikize kwa vipembe hivi tu, ili mtu aweze kuitoa kadi na kuigeuza."

"Usijali, mama. Ziko mikononi mwa wataalamu."

Wataalamu! Ningejua ningemtoa mlangoni na ufagio.

Siku ya ufunguzi nilimvalisha gauni jipya nililomshonea, la mifuko miwili kwa sababu hataki kuachana na penseli yake. Tukaingia ukumbini, viti vimepangwa, vinywaji mezani, watu wamependeza. Kadi zilikuwa kwenye mbao ukutani, chini ya kila moja karatasi yenye maelezo. Shangazi akaenda moja kwa moja kwenye ile ya ngazi za mawe zinazoshuka baharini, akaigusa kwa ukucha. Haikutikisika. Nikajaribu mimi. Imeshika ukingo kwa ukingo, gundi nyeupe, ile ile ya maseremala.

Nikasoma maelezo. "Hoteli ya bandarini, mbwa wake Bravo, pamoja na wafua nguo wasiojulikana."

Majina ya hoteli na mbwa yalikuwa yamechapwa mbele ya kadi na kiwanda kilichoitoa. Ya wafua nguo yalikuwa mgongoni, kwa penseli. Na yule wa tatu, mwenye beseni kiunoni, ni mama yake Shangazi. Ni bibi yangu, jamani!

Nilimwita ofisa kwa sauti iliyonyamazisha vinywaji. "Mgongoni mliangalia?"

"Mgongoni?" Akanishangaa. "Mgongoni si hakuna picha."

Toba! Mbwa ana jina, bibi yangu hana. Mbwa! Nikamuuliza kama mama yake naye hajulikani, na mengine niliyomwambia hayaandikiki. Akawa anajikuna, mara wanaweza kuzibandua kwa maji ya moto, mara aliyebandika ni seremala. Shangazi akatikisa kichwa. Ukizibandua, mgongo unabaki kwenye ubao vipande vipande. Hapo ofisa, kwa kutaka kusaidia, akatoa bahasha mfukoni na kumrudishia. Vipembe vyote vilikuwa mle, hata bahasha haijafunguliwa.

Shangazi akaipokea, akasema asante. Ile asante iliniuma kuliko gundi.

Kisha akatoa penseli. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kadi kwa kidole chenye jasho, akakata neno "wasiojulikana" kwa mstari mmoja, akaandika jina la mama yake juu ya picha yenyewe, kwenye anga.

"Bibi, usiguse maonyesho!" ofisa akapiga kelele. "Unaziharibu!"

"Ondoka hapo," nikamwambia, nikasimama katikati yao mikono kiunoni.

Shangazi akaenda ya pili, akaandika. Ya tatu, ya nne. Watu wakaacha vinywaji, wakasogea. Mimi nyuma yake namporomoshea ofisa maneno, kwamba hajui kazi, kwamba ana macho lakini haoni, kwamba hata mtoto hupewa kitu akakigeuza.

Kwenye kadi ya tisa mkono wa Shangazi ukasimama hewani. Ilikuwa picha ya wanaume watatu na mashine ya kutengeneza kamba. Akasogeza uso karibu, akarudi nyuma.

"Hii ndiyo ile ya miaka sita," akasema. Akanigeukia. "Mwanangu, hawa niliandika ni akina nani?"

Nikafungua kinywa. Miaka ishirini nimezipangusa kadi zile, kila Jumamosi, moja baada ya nyingine, mbele tu. Ofisa alikuwa ananitazama, anangoja nimalizie kumtukana.