Nilivyopimwa Pamoja na Mvule

Mkisikia watu wa kijijini kwetu wananiita Mvule, msidhani ni kwa urefu. Aibu ni yangu, basi bora niwahadithie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kutia chumvi.

Mke wangu, Mama Salma, alichaguliwa kwenye kamati ya msitu wa kijiji, ule tuliokubaliana wote kuuhifadhi (hata konde letu la zamani la mihogo limo humo, sasa pori tupu), na kazi yao ni kupima unene wa miti ijulikane imehifadhi kaboni kiasi gani. Sawa, wapime. Ila kupima kunataka watu wawili, mmoja ashike utepe huku, mwenzake auzungushe nyuma ya shina, na mwenzake huyo ni Kombo, Mpemba mmoja mtanashati, hana mke, na kila jioni nyumbani kwangu ni Kombo kasema hivi, Kombo kachekesha vile, mpaka ugali haushuki. Nilikuwa na wivu, tena wivu mbaya.

Asubuhi moja nikaaga naenda Pongwe kununua misumari, kumbe nazunguka kwa nyuma, nikawatangulia msituni, nikajibanza nyuma ya mvule mmoja (mwembamba kuliko nilivyodhani, au mimi ndiye mnene) na panga langu kiunoni kwa mazoea, ingawa sheria ya kutoingia humo na panga niliipitisha mwenyewe kwa kunyoosha mkono. Akili gani hiyo, watu wanapima miti, wewe unajificha nyuma ya mti?

Wakaja, na mlinzi wa msitu na wageni wa wilayani wakiwafuata. Nikasikia mke wangu anacheka, moyo ukachemka, na kabla sijajua la kufanya utepe ukanipita kifuani (wao hupima usawa wa kifua), mkono wa Kombo ukapapasa ukaishia kwenye kitambi changu.

"Mama Salma," akasema taratibu, "mti huu una tumbo. Na unapumua."

Mlinzi akanitoa, akaliona panga. "Umekuja kukata nini?"

Nikamtazama mke wangu, uso umemshuka. Kwetu, mjumbe ambaye mtu wa nyumbani kwake kakamatwa akikata miti hana kiti tena kwenye kamati, na kiti kile alikuwa anakipenda. Basi nikasema, mbele ya wageni, mbele ya Kombo, "Sikuja kukata kitu. Nimekuja kumchunga mke wangu."

Walicheka mpaka mgeni mmoja akakaa chini. Kiti kikapona. Mimi, kwa kosa la panga, nikapewa kufyeka njia ya kuzuia moto, msimamizi Kombo.

Nyumbani Mama Salma hakunigombeza. Alinipakulia, akakaa, akasema, "Baba Salma, msitu tunauwekea mlinzi kwa sababu hauna mdomo. Mimi ninao. Ungeniuliza."

Sasa nauliza. Wivu haujaniisha, lakini nauliza.