Vibuyu Vilivyokatwa Shanga

Sifa zimrudie Mungu, aliyetupa nyasi na ng'ombe, mvua na moto wa jikoni, akaniachia pumzi ya kusimulia hata baada ya meno kupungua. Hakunisahau nilipokuwa mtoto, wala hajanichoka sasa nikiwa nyanya wa watu wengi. Nikilitaja jina lake ndipo mkono wangu unatulia na kuandika.

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Kericho mjini akaniletea mursik ndani ya chupa ya plastiki. Alikuwa ameinunua dukani, imetoka kwenye friji, baridi kama maji ya mtoni asubuhi. Alipofungua kifuniko, ikanijia harufu ya mkaa wa senetwet, kile kijiti chenye maua ya manjano ambacho mama zetu walikichoma na kusugulia ndani ya vibuyu. Akanimiminia kikombe, nami nikakiweka chini.

"Kogo, imeharibika?" akaniuliza.

Nikamwambia haijaharibika. Nilikuwa tu nimerudi kwa mama yangu, kwenye chumba cha nyanya, siku ile tulipokuwa na vibuyu vitatu na hakuna aliyejua tufungue kipi.

Msomaji wangu, kama hukulelewa kwenye milima hii ya majani chai, nikueleze kidogo. Mursik ni maziwa yaliyochemshwa, yakapozwa, yakamiminwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, kisha yakafunikwa yakomae. Wengine huyanywa baada ya siku chache. Nyanya yangu, mama ya baba, ambaye nasi tulimwita Kogo, yaani nyanya, aliyaweka kwa miezi. Alivipanga vibuyu vyake darini juu ya moshi, na kila kimoja alikifunga mkanda wa ngozi wenye shanga. Kwa rangi za shanga alijua haya ni maziwa ya ng'ombe yupi, ya wakati gani, na ya kunywewa na nani. Kufungua kibuyu halikuwa jambo la haraka kwake. Alikishika, akakigeuza, akakirudisha, akashika kingine, nasi watoto tukimeza mate chini ya ngazi.

Mama yangu hakuujua mkono huo. Alipoolewa alikuja na mbegu za vibuyu kutoka kwao, akazipanda kando ya zizi, na kibuyu kimoja tu kikakomaa, nacho kilikuwa na shingo iliyopinda kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alipokijaza maziwa kwa mara ya kwanza alizidisha mkaa. Kogo alionja, akatema, akasema mbele ya wageni, "Haya ni maziwa, ama ni makaa ya kupiga pasi?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo Kogo hakuweka tena mdomo kwenye kibuyu cha mama, hata mama alipojifunza na majirani wakamsifu.

Kisha mama akaokoka. Akaja mhubiri wa kupita, mwenye sauti kubwa, akawaambia akina mama kwamba shanga ni minyororo ya mambo ya kale. Mama alikuwa mpya katika imani, na moyo wake ulikuwa unawaka. Asubuhi moja, Kogo akiwa ameenda kwa jirani, mama alikaa mlangoni na wembe akakata shanga za vibuyu vyote, akazitupa chooni. Nakumbuka zilivyolia zikishuka. Alifanya hivyo akiimba.

Kogo aliporudi hakupiga kelele. Alipanda ngazi, akatazama, akashuka, na kutoka siku hiyo hakufunga shanga nyingine, wala hakumwita mama kwa jina. Akitaka chumvi aliniambia mimi, "Mwambie huyo mtu wa jikoni alete chumvi." Na mama alikuwa amekaa karibu naye, goti kwa goti.

Mwaka huo ugonjwa wa kupe uliingia kijijini. Ng'ombe wetu walianguka mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa Chelel, ng'ombe mweupe aliyependwa na Kogo kuliko baadhi ya watu. Kogo alikuwa na kibuyu cha maziwa ya Chelel ya kabla ya ugonjwa. Alikuwa pia na kibuyu cha yale aliyokamua wakati daktari wa mifugo akimdunga Chelel sindano. Daktari alikataza kabisa maziwa hayo yasinywewe, hasa na mgonjwa. Kogo alikubali, lakini alisema hakuna atakayeyamwaga kama maji machafu. Angeyamwaga mwenyewe kwenye lango la zizi, kwa heshima ya ng'ombe wake. Kabla hajafanya hivyo, alianguka uani akiwa ameshika kuni. Upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi nao ukanyamaza.

Hapo ndipo tulipokuwa. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Baba alikuwa ametelemka kwa miguu hadi Sotik kutafuta mwenye gari atakayekubali kupanda ule udongo mwekundu. Tulimpa Kogo chai, ikatoka kando ya mdomo. Tulimpa uji, akafunga meno. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na midomo ilikuwa imepasuka kama shamba la kiangazi. Mama alilowesha kitambaa akampangusa, lakini Kogo aligeuza uso ukutani.

Senge, dada yake baba, alikuwa amekuja na mvua mabegani. "Huyu anataka mursik ya Chelel," alisema. "Akiwa mgonjwa hajawahi kunywa kitu kingine. Leteni."

Mama alipanda darini akashusha vibuyu vyote vilivyobaki. Alivipanga sakafuni kando ya kitanda: viwili vya Kogo vinavyofanana kama mapacha, na chake chenye shingo iliyopinda, alichokijaza kabla ya ugonjwa. Akavitazama vile viwili. Mikanda ilikuwa mitupu.

"Ni kipi?" Senge akauliza.

"Sijui."

"Hujui? Si uliambiwa shanga ni za shetani? Basi mwite huyo mhubiri aje atuonyeshe kibuyu."

"Dada, usiniumize. Nitaonja mimi."

"Ladha ya dawa utaijuaje ndani ya mkaa? Na huyo mtoto unayemnyonyesha? Ukianguka na wewe, nitazika wangapi?"

Mama alinusa kifuniko cha kwanza, akanusa cha pili, akarudia cha kwanza. Vyote vilinuka moshi na senetwet. Nje mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata mtoto mchanga akaamka akilia, na hakuna aliyemwinua. Mama alipiga magoti katikati ya vibuyu. Sijasikia tena maombi kama yale, nami nimekaa kanisani maisha yangu yote. Hakupanga maneno. Alisema tu, "Bwana, ni mimi nilikata. Asife na kiu kwa sababu yangu. Bwana, ni mimi nilikata."

Alipochoka kulia, akafanya jambo ambalo Senge aliona ni la kichaa. Alikinyanyua kibuyu cha kwanza akakiweka kitandani chini ya ule mkono wa Kogo uliokuwa bado hai. Vidole vilitambaa juu yake polepole, vikafika kwenye kitako, vikasimama. Kisha Kogo akakisukuma kwa nguvu ambayo hatukujua anayo, kikabingirika hadi miguuni pa Senge.

Mama akaweka cha pili. Hapo vidole vilikaa sana. Vilikipapasa kibuyu kama mtu anayempapasa mtoto usingizini, na jicho moja la Kogo likajaa maji. Mama akashika kifuniko afungue. Lakini mkono ulimzuia. Ulikisogeza kibuyu pembeni, nilipokuwa nimesimama, mpaka kikanigusa tumboni.

Kisha ule mkono ukabaki wazi juu ya blanketi, ukisubiri.

"Mpe na hicho," Senge akasema kwa sauti ndogo.

"Hiki ni changu, dada. Hakitaki. Unajua hakitaki."

"Mpe."

Mama alikiweka kama mtu anayeweka kitu cha wizi. Kogo aligusa ile shingo iliyopinda, na nusu ya mdomo wake, ile nusu iliyobaki, ikacheka. Akakivuta kifuani. Mama akasema, "Mama, hiki ni cha huyo mtu wa jikoni," akajaribu kukirudisha, na Kogo akakivuta tena.

Alikunywa. Mama alimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, na tulisikia koo likimeza. Ilikuwa sauti tamu kuliko wimbo. Mama alilia mpaka machozi yakaingia kwenye kijiko.

Mimi nilidhani vidole vyake vimekosea kwa kuchukua kibuyu cha mama. Mtoto angewaza nini kingine? Nilifurahi tu kwamba kibuyu cha Chelel kimebaki, na jioni tulikinywa mimi na ndugu zangu. Kile kilichosukumwa, Senge alikimwaga kwenye lango la zizi, kwa upole, kama Kogo alivyotaka.

Baba alirudi na gari kesho yake. Kogo hakupona, wala hakusema tena. Mungu alimwacha nasi mpaka mahindi yalipoanza kukauka, na siku zote hizo alikunywa kutoka kibuyu kile kimoja. Kilipoisha, majirani walituletea maziwa, na mama akakijaza kile kile.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na wakwe zangu mwenyewe, wake wa wanangu, na ulimi mkali kama wa Kogo. Hakukosea hata kidogo. Bila shanga, bila sauti, alijua kila kibuyu. Cha dawa alikikataa. Kilicho bora kuliko vyote, cha ng'ombe wake mpendwa, aliwaachia watoto. Kwa ajili yake mwenyewe aliomba kile alichokuwa amekitema mbele ya watu, kwa sababu hakuwa na ulimi wa kumwita mama kwa jina.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki. Akujalie kikombe nyumbani kwako na mtu wa kukushikia kijiko, na kama kuna jina uliloacha kuliita, akuachie ulimi wa kuliita leo.