Wimbo Una Mwenyewe

Kabla ya kusikiliza wimbo, Bi Ghalia alifuta vumbi. Tabia hiyo aliianza kwao Unguja enzi za santuri, akaja nayo ughaibuni, Hounslow, kwenye kaseti, na nilipomfahamu, mwaka 2006, alikuwa akifuta kioo cha kompyuta ya maktaba niliyofanyia kazi, kwa ncha ya mtandio wake.

"Sauti haitoki hapo, Bi Ghalia," nilimwambia siku ya kwanza. "Inatoka kwenye hedifoni."

"Najua. Lakini huingii kwa mtu na miguu michafu."

Miaka mingi alifua na kukunja mablanketi ya ndege karibu na Heathrow. Alipostaafu, mpwa wake Zein alimwonyesha tovuti ambako wanamuziki wasio na kampuni waliweka nyimbo zao wenyewe, na mtu yeyote akasikiliza bure. Basi kila Alhamisi alikuja. Nilidhani angetafuta taarabu. Kumbe alitaka wasiojulikana. Chini ya kila wimbo palionyeshwa umesikilizwa mara ngapi, naye alichagua ule ambao haujapata msikilizaji. Nami nikichomeka hedifoni zangu kando yake, tulimsikia mzee wa Norwei akipiga kinanda ndani ya banda, ng'ombe wakimwitikia. Tuliwasikia wasichana wa Glasgow wakipiga kelele za hasira. Hakuelewa hata neno, lakini alikaa nao kwa adabu mpaka mwisho. Na kila wimbo ulipokwisha aliuliza swali lile lile: "Kaimbiwa nani huu?"

"Hakuna mtu, Bi Ghalia. Ni wimbo tu."

"Ah, Gakii, nyinyi wa bara! Kwenu wimbo ni wa kutikisa mabega. Kwetu wimbo una mwenyewe. Mtu ana lake moyoni, anampelekea mtunzi, mtunzi anampa mwimbaji. Siku ya shughuli anayesemwa yupo pale pale, kakaa, anajijua."

Kisha akampata Léocadie, msichana mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa akiishi Tottenham. Palikuwa na gitaa moja tu, na nyuma yake ngurumo ya basi likipita chini ya dirisha. Aliimba: "Ulifunga mlango, miguu yangu ingali ngazini."

Bi Ghalia alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Huu wangu," alisema.

Ndipo nikajua habari za Haifa, binti yake wa pekee. Alitaka kuhama akakae peke yake kabla ya kuolewa. Mama alikataa, binti akabeba sanduku lake akashuka ngazi. Bi Ghalia aligeuza ufunguo kabla Haifa hajafika chini, makusudi, ili ausikie. Tangu hapo hawakusemezana, na Haifa alikuwa Harrow tu, mji ule ule.

"Haifa kampelekea maneno huyu msichana," alisema. "Nani mwingine anaijua ile ngazi?"

Nilitazamia ataumia. Badala yake uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyeletewa salamu.

"Anayenisema," alisema, "bado ananikumbuka."

Alinitaka nimwandikie Léocadie kupitia tovuti ile, nimuulize ni nani aliyempa wimbo. Alhamisi iliyofuata jibu lilikuwa linatungoja, nikamsomea: "Hapana, mama, hakuna mtu alinipatia maneno. Ni habari ya shangazi yangu Emérence, alitufukuzaka kwake. Lakini aksanti. Hakuna mwingine aliniuliza."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Alishika ncha ya mtandio akafuta kioo ambacho alikuwa amekwisha kukifuta. Nje mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Hounslow, isiyo na haraka. Mimi ndiye niliyesema siku zote kwamba wimbo ni wimbo tu, na sasa nilitamani ningekuwa nimekosea.

"Basi," alisema mwishowe, "tutaupa mwenyewe."

Kwenye mkoba alikuwa na anwani ya barua pepe ya Haifa. Zein alimpa zamani, hakuwahi kuitumia.

"Niandike nini?"

"Usiandike kitu. Mpelekee wimbo. Jina langu chini."

Jibu la Haifa tulilisoma wiki iliyofuata. Lilikuwa mstari mmoja, kwa Kiingereza: Mama, huyu anamsema nani?

Bi Ghalia alicheka mpaka mzee aliyekuwa akisoma gazeti akageuka. "Umemsikia? Kazaliwa hapa hapa, ukimsemesha anakujibu Kizungu, lakini swali lake ni la kwetu!"

Sikukaa naye tena mbele ya kompyuta ile. Kabla ya Alhamisi nyingine Haifa alikuja kumchukua akakae naye Harrow, na miaka miwili baadaye Zein alinipigia simu kunijulisha maziko ya Bi Ghalia. Siku ile ya jibu, ya mwisho kwetu maktabani, alifunga mtandio wake, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Nikamwita kumuuliza nimjibu nini Haifa.

"Mwambie ananisema mimi."