Njiwa Jike wa Donati

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Donati, fundi baiskeli wa Mlabani, alishachoshwa na njiwa wake jike. Alimfungia sandukuni na dume mweupe aliyemnunua Kidatu, akitaka mbegu safi. Jike akamdonoa mwenzake mpaka damu. Donati akawaongezea mtama, wapi! Macho ya jike yote yalikuwa kwa dume mmoja wa madoadoa, kilema wa mguu, anayelala juu ya bati la jirani.

“Ndege gani huyu hana shukrani!” Donati alifoka. “Atakaa humo mpaka amzoee!”

Mkewe Brigitha alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho.

“Atamzoea,” alisema. “Hata mimi wajomba walinifungia ndani wiki nzima kwa ajili yako, nikakuzoea. Ila usije ukamuuliza kama anampenda.”