Mtoto Asiyejua Kiswahili

Juzi nilikuwa nikisubiri cheti kwenye korido ya hospitali hapa Shinyanga, jirani na chumba cha watoto njiti. Mlangoni mfugaji mmoja alikuwa akiaga. Mkewe bado hajiwezi wodini, na ng'ombe nyumbani hawana mtu.

"Mtoto tunamtunza, baba," muuguzi akamwambia kwa sauti ya chini. "Namkinga macho na mwanga, namwekea kiganja kichwani, namwambia alale."

"Kwa Kiswahili?"

"Ndiyo. Mimi ni mgeni huku."

"Huyo Kiswahili hajui. Tumboni kasikia Kisukuma tu. Asubuhi msalimie, mwambie mwangaluka."

Muuguzi akajaribu. Baba akamsahihisha mara tatu, ndipo akachukua fimbo yake akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilirudi kufuata cheti, na mlango wa chumba kile ulikuwa wazi. Muuguzi alikuwa ameinama, kiganja juu ya kichwa kidogo kama chungwa. "Mwangaluka," akanong'ona, kisha akanyamaza kama anayengoja kuitikiwa.

Nimepanga chumba peke yangu mtaa wa Kambarage mwaka wa sita huu, na mimi pia si wa huku. Msomaji, usinicheke: jioni hiyo nilipofungua mlango nilijisalimia kwa lugha ya kwetu. Nikangoja kidogo.